Wayo Hauna Namba

Viatu vingi tunavyovaa huzoeana na miguu yetu. Ngozi hulegea, kitambaa hutanuka, na baada ya majuma mawili kile kilichokuwa kikibana dukani huwa kimekaa. Ndiyo maana mteja humwambia muuzaji, "Nifungie tu, kitafunguka chenyewe." Kiatu cha baiskeli hakifunguki. Soli yake ya nailoni ngumu au ya kaboni imeundwa isipinde, ili nguvu ya paja ishuke yote hadi kwenye pedali. Na soli isiyopinda haitanuki. Upana unaoupata siku ya kukinunua ndio utakaokuwa nao hadi siku ya kukitupa.

Piga hesabu kidogo. Mwendeshaji aliyezoea huzungusha pedali kama mara 85 kwa dakika. Kwa saa moja kila mguu umekandamiza zaidi ya mara 5,000, mahali palepale, kwa pembe ileile. Anayetembea hukanyaga jiwe hapa na mchanga pale, na kila hatua wayo hubadili mkao na kupumzika. Anayeendesha hana nafasi hiyo. Mshono uliogusa kidole cha mwisho kwa mbali tu asubuhi, kufikia saa ya tatu ya safari umekuwa kidonda.

Zamani waendeshaji wa mashindano walivaa viatu vya ngozi na kujifunga kwenye pedali kwa mikanda. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilitoa pedali inayoshika kiatu yenyewe kwa kipande kilichofungwa chini ya soli. Kipande hicho ndicho tunachokiita kleti. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akiwa na pedali hizo, na mashindano yote yakafuata njia hiyo. Tangu hapo kiatu kimekuwa sehemu ya mashine. Kiti unaweza kukipandisha na usukani ukausogeza, lakini kiatu kilichokosa kipimo hakina skrubu ya kukirekebisha.

Mimi niliyajua mambo ya miguu kabla ya kuyajua ya baiskeli. Mjomba wangu alikuwa fundi wa ndara za ngozi katika soko la Kariokor, Nairobi, na shule zilipofungwa nilipelekwa kumsaidia. Kazi yangu ilikuwa kushikilia kipande cha katoni sakafuni mteja aliposimama juu yake, mjomba akipiga magoti na penseli mkononi. Alikuwa na masharti ambayo hakuyalegeza kwa mtu yeyote. Mteja asimame, asikae, maana mguu uliobeba mwili hurefuka na kupanuka. Penseli isimame wima, maana ikilala huingia chini ya uwazi wa wayo na kuiba upana ambao mteja ataudai baadaye kwa maumivu. Na miguu yote miwili ichorwe, kila mmoja kwenye katoni yake.

Wateja wengine walikosa subira. "Mzee, mimi navaa namba saba, wewe kata tu," mama mmoja alimwambia.

"Namba ni ya kiatu, mama," mjomba akamjibu kwa upole. "Wayo hauna namba. Hebu kanyaga hapa niuone."

Siku moja nilimwuliza kwa nini anapoteza katoni kuchora miguu miwili ilhali mtu mzima ana miguu inayofanana. Hakunijibu kwa maneno. Aliniletea katoni mbili za mteja aliyekuwa ametoka, akaziweka moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga. Mguu wa kulia ulikuwa umeuzidi wa kushoto kwa unene wa kalamu. "Mungu hatuumbi kwa kalibu, mpwa wangu," alisema. "Kalibu ni za wanadamu."

Na wale waliotaka ndara za harusi, aliwaomba warudi jioni. Asubuhi wayo umetoka kulala. Jioni umebeba mwili kutwa nzima na umevimba kidogo, na huo ndio mguu utakaocheza harusini. Baadaye nilikuta ushauri uleule katika maelekezo ya watengenezaji wa viatu vya baiskeli: pima miguu mwishoni mwa siku, ukiwa umesimama, na ufuate mguu ulio mkubwa. Mjomba alilipata somo hilo kwa kupiga magoti mbele ya watu wa kila namna.

Nilipoanza kupanda baiskeli na kikundi cha Jumapili kutoka Ruaka kupitia Banana hadi mashamba ya chai ya Limuru, nilitamani viatu vinavyoshika pedali kama vya wenzangu. Vipya vilikuwa mbali na mfuko wangu, kwa hiyo nilijua nitakwenda kwenye soko la mitumba la Gikomba. Kabla ya kwenda nilipita Kariokor. Mjomba alinichora, kisha akaikata katoni kwa kuifuata mistari, akanipa nyayo zangu mbili nizibebe mfukoni. "Ukikipenda kiatu," aliniambia, "mwonyeshe huyu kwanza."

Katoni hiyo ilinisaidia kuliko macho yangu. Gikomba viatu vya baiskeli havina kibanda chao. Hutoka katika marobota ya viatu vya michezo, na humo huchanganyika na vya mpira na vya kupanda milima. Nilipokipata kimoja nilichomoa soli ya ndani, ile laini inayotoka, nikaiweka juu ya mfuko wa muuzaji na kuilaza katoni yangu juu yake. Palepale niliona mambo matatu ambayo kuvaa kwa haraka sokoni hakungenionyesha. Kwanza, urefu: mbele ya kidole kirefu kuliko vyote panatakiwa nafasi ya milimita tano hadi kumi, na si kila mtu kidole chake kirefu ni gumba. Pili, upana: katoni isipite ukingo wa soli, hasa penye mashina ya kidole gumba na cha mwisho, kwa sababu kila kinachopita ukingo huo ni nyama itakayosukumwa dhidi ya ukuta wa kiatu. Tatu, mahali pa upana: sehemu pana ya mguu iangukie sehemu pana ya kiatu. Viatu viwili vya urefu mmoja vinaweza kutofautiana hapo kabisa.

Kiatu cha mtumba kina maswali yake zaidi. Nilikikunja kwa nguvu nione kama soli ina ufa. Nilikwaruza kwa ukucha sehemu laini za chini na kisiginoni, kwa kuwa baadhi ya plastiki za soli huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimelala sandukuni, na kiatu kinachong'aa juu huweza kumeguka vipande siku ya kwanza. Niliangalia pia matundu ya kufungia kleti. Skrubu zake ni ndogo, na zikishikwa na kutu ndani, fundi hulazimika kuzitoboa. Na niliyahesabu matundu hayo, kwa maana mawili na matatu ni mambo tofauti.

Kiatu cha matundu matatu ni cha barabara ya lami. Kleti yake ni pana, ya plastiki, na hujitokeza nje ya soli, kwa hiyo mvaaji akishuka hutembea kwa shida. Kiatu cha matundu mawili hupokea kleti ndogo ya chuma, mfumo ulioenezwa na kampuni ya Shimano tangu mwaka 1990, na kleti hiyo hujificha kati ya meno ya soli. Kwetu, ambako lami hukatika ghafla na mtu akasukuma baiskeli kwenye matope, au akateremka kibandani kununua chai, nilichagua matundu mawili bila kusita, na mpaka leo ndicho ninachomshauri anayeanza. Mwenye viatu vya matundu matatu anahitaji barabara nzuri na sababu ya mashindano.

Somo zito zaidi nililipata kwa mwenzangu. Kikundini alikuwako kijana mwenye mapafu ya ajabu, mzaliwa wa kijijini, aliyetuacha sote kwenye vilima. Lakini kila baada ya saa moja alichomoa mguu kwenye pedali na kuutikisa hewani, uso umekunjamana. Vidole vyake vilikufa ganzi, kisha vikawaka moto. Alikuwa amevaa kiatu cha namba mbili zaidi ya mguu wake na soksi mbili ndani yake, kwa sababu kila kiatu cha namba yake kilimbana. Tulimsimamisha kwenye katoni. Urefu wake ulikuwa wa namba 42 kamili. Upana wake ulikuwa wa mtu mwenye mguu mrefu zaidi.

Wengi wetu tuko hivyo. Tulilelewa mahali ambapo mtoto hushinda pekupeku au na malapa, na vidole vyetu vilikua bila kubanwa. Uchunguzi wa miguu katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba watu waliozoea kutembea pekupeku huwa na sehemu ya mbele ya wayo iliyo pana kuliko ya waliofungwa viatu tangu utotoni. Huo ni mguu wenye afya. Viatu vya mashindano navyo vilitoka Ulaya, na kalibu za mafundi wa Italia zinajulikana kwa wembamba wake. Mguu mpana ukiingia humo, mifupa mirefu ya wayo hubanana, na mishipa ya fahamu inayopita katikati yake hufinywa. Ganzi huanzia hapo, na moto pia.

Kupanda namba hakutibu tatizo hilo. Kila namba huongeza urefu mwingi na upana kidogo tu. Matokeo yake, kisigino huogelea, vidole hujikunja kukishika kiatu kisitoke, na sehemu pana ya kiatu husogea mbele ya sehemu pana ya mguu. Matundu ya kleti nayo husogea mbele, mtu akajikuta anakandamiza kwa vidole, na baada ya safari ndefu maumivu yanapanda hadi kwenye kano la kisigino. Upana hutafutwa kwa upana. Shimano hutoa baadhi ya viatu vyake katika kalibu pana, Lake inajulikana kwa viatu vyenye nafasi mbele, na Bont ya Australia hutengeneza viatu vinavyopashwa moto kwenye oveni na kufinyangwa kwa umbo la mguu wa mwenyewe. Yule kijana alipata kiatu cha 42 chenye kalibu pana, kilichotumika, soli ya nailoni ya kawaida. Aliacha kutikisa mguu. Kasi yake ilikuwa ileile, ila sasa alifika na tabasamu.

Siku hizi wengi huagiza kwa mtandao, na hapo namba huwapotosha zaidi. Katika hesabu ya Ulaya, kutoka namba moja hadi nyingine ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita saba. Namba za Uingereza zilizozoeleka Kenya huhesabu kwa njia yake, za Marekani kwa njia nyingine. Na hata ndani ya hesabu moja, kila kiwanda kina kalibu yake. Jedwali la Shimano hulinganisha 42 na wayo wa sentimita 26.5, na 43 na sentimita 27.2. Kampuni nyingine inaweza kukupa 42 iliyo fupi au nyembamba kuliko hiyo. Kwa hiyo simama na kisigino ukutani, mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu na kwenye pande mbili zilizo pana, kisha soma rula. Ukiwa na vipimo hivyo viwili, cha urefu na cha upana, unaweza kufungua jedwali la kampuni yoyote na kuuliza swali lenye jibu. Anayekosea hapa hulipia usafiri wa kwenda na kurudi, na ushuru wa forodha hauangalii kama kiatu kimekukaa.

Joto nalo lina neno. Tuliposhuka kwa baiskeli kutoka Nairobi kwenda Mombasa, tuliondoka alfajiri kwenye baridi ya mita 1,700 hivi juu ya bahari, viatu vimekazwa vizuri. Tulipoifikia mibuyu ya Kibwezi jua lilikuwa limeshika, na Mtito Andei kila mtu aliinama kushughulika na miguu yake. Joto hupanua mishipa ya damu, maji ya mwili hushuka, wayo hujaa. Waliofunga viatu kwa vitufe vya kuzungusha waliachia waya kidogo hata kabla ya kusimama. Wenye mikanda ya kunata waliivuta na kuibandika upya. Wenye kamba walikaa chini, lakini wao waliweza kulegeza mbele tu na kuacha juu pamekaza, jambo ambalo kitufe kimoja hakiwezi. Kila kifungio kilikuwa na faida yake. Aliyekosa msaada ni yule ambaye kiatu chake kilimtosha barabara asubuhi ya Nairobi, kwa kuwa kilichombana kilikuwa ukingo wa soli, na ukingo haulegezwi. Anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, au anayepanga kufika huko, anunue nafasi ya joto hilo tangu mwanzo.

Dukani, basi, fika jioni, na soksi zile utakazoendeshea. Vaa vyote viwili, funga kikamilifu, kisha keti na usimame. Vidole vicheze, visiguse mbele. Kisigino kishikwe. Simama kwa ncha za miguu, na kisigino kikiinuka ndani ya kiatu, mwambie muuzaji alete kingine. Uwazi wa wayo ujisikie umeegemea kitu. Ukijisikia unaning'inia, soli ya ndani yenye kimo zaidi inaweza kusaidia, na hiyo ni bei ndogo kuliko kiatu kipya. Kaa navyo dakika ishirini. Muuzaji mwema atakupa kiti, na kama duka lina baiskeli ya kufungwa kwenye stendi, mwombe upige pedali. Alama yoyote ya uchungu unayoihisi hapo iorodheshe kama deni. Kiatu hiki hakitalilipa.

Kazi haijaisha ukilipa pesa. Kleti ifungwe ili mhimili wa pedali uwe chini ya mstari unaopita kati ya shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho. Tafuta mashina hayo kwa kidole gumba cha mkono ukiwa umevaa kiatu, weka alama pembeni kwa wino, ndipo ufunge. Anayeanza achague kleti inayoruhusu kisigino kucheza kidogo kulia na kushoto. Katika kleti za barabara za Shimano, njano huruhusu nyuzi sita na nyekundu hairuhusu hata moja, na goti la mtu asiyejua bado mkao wake linahitaji hizo sita. Nimewaona watu wakikilaani kiatu kizuri kwa sababu ya kleti iliyopinda.

Nayasema haya sasa kwa sababu vijana wetu wanaitazama baiskeli kwa macho mapya. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani. Mwaka 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabara, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Kule Kikuyu, David Kinjah amewalea watoto wa klabu ya Safari Simbaz kwa miaka mingi, na Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour mara nne, alijifunza kwake akiwa kijana mdogo. Klabu za namna hiyo zinaongezeka, na nyingi huishi kwa viatu vya msaada vinavyopokezanwa kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo.

Ombi langu ni kwa walezi wa klabu hizo. Wekeni katoni, rula na daftari. Mpimeni kila mtoto urefu na upana kila shule zinapofungwa, maana mguu unaokua hubadilika kati ya muhula na muhula. Mfadhili akiuliza mnataka namba gani, mpeni sentimita, na mwambieni wazi kwamba miguu yetu ni mipana na inahitaji kalibu pana. Viatu kumi vinavyokaa vina faida kuliko hamsini vya kujaza stoo. Na yupo mtoto kila mahali anayebaki nyuma, kisha anaacha kuja, na sisi tunasema hana moyo. Kabla ya kumwambia aongeze bidii, mwambie avue viatu, asimame kwenye katoni, umpime.